Elimu ya wasichana ilivyotenganisha hesabu za watu Tanzania, Kenya

Na Mwandishi Wetu, Songea

MKOA wa Ruvuma ulikuwa na watu 1,376,891 katika Sensa ya mwaka 2012. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,848,794. Hilo ni ongezeko la takriban asilimia 2.9 kwa mwaka, chini kidogo ya wastani wa Taifa wa asilimia 3.2, kasi ambayo ikiendelea huifanya idadi ya watu kuwa maradufu katika miaka 22 hivi.

Makadirio ya idadi ya watu kwa kawaida huanza na mambo mawili, umri na jinsia. Watafiti wa Kituo cha Wittgenstein kilichopo Vienna, Austria, wameongeza la tatu, nalo ni elimu. Mwaka 2014 walitoa makadirio ya nchi 195 hadi mwaka 2100, wakiwagawa watu katika ngazi sita, kuanzia wasiosoma kabisa hadi waliopita sekondari.

Kwa msomaji wa Tanzania, thamani ya njia hiyo huonekana vizuri zaidi nchi yetu inapowekwa kando ya Kenya.

Nchi hizi zilianza karibu sawa. Tanzania ilikuwa na watu milioni 12.3 mwaka 1967 na Kenya milioni 10.9 mwaka 1969. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto wanane, miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani. Aliyetazama takwimu hizo angeapa kwamba Kenya ingeipita Tanzania.

Haikuwa hivyo. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilipata watu milioni 47.6, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ikapata milioni 61.7. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2022 yanaipa Tanzania takriban watu milioni 130 ifikapo mwaka 2050, na Kenya takriban milioni 85.

Nini kilibadilika? Utafiti wa afya na uzazi wa mwaka 2015/16 nchini Tanzania ulionyesha wastani wa watoto 5.2 kwa mwanamke, na ule wa Kenya wa mwaka 2014 watoto 3.9. Tofauti ni kubwa. Lakini wanawake wanapogawanywa kwa elimu, sehemu kubwa ya tofauti hiyo hupungua. Asiyesoma alizaa watoto 6.9 Tanzania na 6.5 Kenya. Aliyefika sekondari au zaidi alizaa 3.6 Tanzania na 3.0 Kenya.

Kwa maneno mengine, mwanamke wa Kenya aliyesoma na wa Tanzania aliyesoma hawakuachana sana. Kilichoachana ni idadi yao. Baada ya Uhuru, Serikali ya Tanzania ilitanguliza elimu ya msingi na kupanga nafasi za sekondari kwa mahitaji ya wataalamu, ilhali Kenya wananchi walijenga sekondari za harambee kwa wingi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, uandikishaji wa sekondari Tanzania haukufikia asilimia 10. Shule za kata zilizoenea kuanzia mwaka 2006, pamoja na malalamiko yote kuhusu walimu na maabara, ndizo zilizoanza kuubadilisha mlinganyo huo.

Elimu hurahisisha makadirio kwa sababu haipotei. Aliyemaliza kidato cha nne akiwa na miaka 18 atahesabiwa katika ngazi hiyo, au ya juu zaidi, akiwa na miaka 60. Ndiyo maana kosa la sera huonekana baada ya miaka mingi.

Mfano upo. Baada ya Elimu ya Msingi kwa Wote kupandisha uandikishaji miaka ya 1970, hali ngumu ya uchumi wa miaka ya 1980 iliushusha. Wasichana walioikosa shule wakati huo walikuwa kina mama kufikia mwaka 2000. Uzazi Tanzania, uliokuwa watoto 5.8 mwaka 1996, ulikuwa bado 5.7 mwaka 2004/05. Kenya nayo ilitoka 4.7 mwaka 1998 hadi 4.9 mwaka 2003. Uchambuzi wa Endale Kebede, Anne Goujon na Wolfgang Lutz wa mwaka 2019 ulihusisha kukwama kwa namna hii katika nchi za Afrika, kwa sehemu, na kuvurugika kwa elimu ya wasichana miaka ya nyuma.

Elimu, bila shaka, haifanyi kazi peke yake. Umri wa kuolewa, vifo vya watoto na upatikanaji wa uzazi wa mpango vina nafasi yake, ingawa vyote hubadilika msichana anapobaki darasani.

Mtoto wa kike aliyeanza darasa la kwanza Songea mwaka 2016, mwaka ada na michango ya lazima ilipoondolewa hadi kidato cha nne, anatazamiwa kufanya mtihani wa kidato hicho mwaka 2026. Mwaka 2050 atakuwa na miaka 40 na ushei, na idadi ya watoto wake itakuwa karibu imekwishajulikana.