Sayansi ya mazoezi: Anayopaswa kujua mwanafunzi kabla ya kulipa karo

KILA matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, familia nyingi za Kathonzweni, kaunti ya Makueni, huketi kuamua mtoto atasomea nini. Iwapo mtoto huyo alivuma shuleni kwa mbio au soka, hakosi mtu wa kupendekeza asomee "kozi ya michezo".

Pendekezo hilo si baya. Hata hivyo, mara nyingi hutolewa bila kufahamu kwamba kozi yenyewe ni sayansi kamili, yenye maabara na hesabu, na kwamba shahada yake hufungua milango fulani ya kazi huku mingine ikisalia kufungwa. Kwa mzazi anayeuza mbuzi na ndengu ili kupata karo, ni heri kulijua hilo mapema kuliko kuligundua baada ya miaka minne.

Sayansi ya mazoezi ni taaluma inayochunguza yanayotokea mwilini mtu anapotumia nguvu, na jinsi mwili unavyobadilika anapofanya hivyo mara kwa mara. Haihusu wanariadha pekee. Msichana anayefuata maji kwenye mto wa mchanga wakati wa kiangazi, akirejea na punda aliyebeba mitungi, ni somo tosha. Moyo wake huongeza mapigo, misuli yake huchoma sukari na mafuta, na jasho humwondolea joto. Mwanasayansi huuliza: Ametumia oksijeni kiasi gani? Amepoteza maji kiasi gani? Atachoka lini, na kwa nini?

Misingi ya taaluma hii iliwekwa na wanafiziolojia wa karne iliyopita. August Krogh wa Denmark alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1920 kwa utafiti wake kuhusu mishipa midogo ya damu, naye Archibald Hill wa Uingereza akapata ya mwaka 1922 kwa kuchunguza joto linalozalishwa na misuli.

Utafiti unaotajwa sana madarasani ni ule wa Jeremy Morris na wenzake, uliochapishwa mwaka 1953. Waliwalinganisha madereva wa mabasi ya London, waliokaa kutwa kitini, na makondakta waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa. Makondakta waliugua maradhi ya moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva. Baadaye, mwaka 1956, watafiti hao walikagua vipimo vya sare na kubaini kuwa madereva walikuwa na viuno vipana zaidi, wakiwemo vijana. Kwa hivyo, tofauti haikutokana na ngazi pekee. Ndiyo sababu mwanafunzi wa kozi hii hawezi kuepuka takwimu: bila hizo hatajua kutenganisha chanzo na sadfa.

Nchini Kenya, taaluma hii inahusishwa sana na Chuo Kikuu cha Kenyatta, kando ya barabara ya Thika. Miongoni mwa waliofundisha hapo ni Mike Boit, aliyeshinda nishani ya shaba katika mbio za mita 800 kwenye Olimpiki za Munich mwaka 1972, kisha akasoma Marekani hadi kiwango cha udaktari. Mwenzake, Vincent Onywera, aliongoza utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu mlo wa wanariadha 10 mashuhuri wa mbio ndefu. Ilibainika kuwa takriban robo tatu ya nishati yao ilitokana na wanga, ugali ukiwa miongoni mwa vyakula vyao vikuu. Kwa mwanafunzi aliyelelewa kwa muthokoi, hilo ni dokezo kwamba chakula cha nyumbani nacho kinastahili kupimwa kisayansi.

Isitoshe, Ukambani si mgeni katika riadha. Cosmas Ndeti, mzaliwa wa Machakos, alishinda Boston Marathon mara tatu mfululizo, kuanzia 1993 hadi 1995. Patrick Makau, pia wa Machakos, aliweka rekodi ya dunia ya marathon mjini Berlin mwaka 2011 kwa muda wa saa 2, dakika 3 na sekunde 38.

Lakini kukimbia vizuri na kusomea mbio ni mambo mawili tofauti. Mwanafunzi hufundishwa anatomia, yaani maumbile ya mwili, fiziolojia, yaani utendakazi wake, biomekanika, inayotumia kanuni za fizikia kueleza mwendo, lishe, saikolojia ya michezo, huduma ya kwanza, na mbinu za utafiti. Maabarani, hupima mapigo ya moyo na hewa anayovuta na kutoa mtu aliye kwenye mashine ya kukimbilia. Hujifunza, kwa mfano, kwamba moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, ilhali wa mwanariadha wa mbio ndefu unaweza kushuka hadi karibu mara 40 bila kuwa na kasoro yoyote.

Kuhusu kujiunga, kiwango cha chini cha kusomea shahada nchini ni alama ya wastani ya C+ katika KCSE. Zaidi ya hapo, kila kozi ina masharti yake ya masomo mahususi. Mwombaji anapaswa kuyasoma katika tovuti ya KUCCPS kabla ya kuteua kozi, badala ya kutegemea anayosikia. Asiyejiweza anaweza kuomba mkopo wa HELB, akikumbuka kwamba mkopo hulipwa.

Wanafunzi wa mtaala mpya, ambao kundi lao la kwanza liliingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026, wana suala jingine la kuzingatia. Miongoni mwa mikondo mitatu ya sekondari pevu upo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Jina hilo lisimpumbaze mtu kudhani kuwa sayansi nyingine hazihitajiki. Mzazi aulize shuleni iwapo mseto wa masomo anaochagua mwanawe una Biolojia, kwa kuwa ndiyo nguzo ya taaluma hii.

Panapozuka majuto zaidi ni upande wa kazi. Kwanza, mhitimu wa sayansi ya mazoezi si mtaalamu wa fiziotherapia. Taaluma hiyo inasimamiwa na sheria ya mwaka 2014 na ina baraza lake la kutoa leseni. Anayetaka kutibu wagonjwa wa viungo hospitalini asomee fiziotherapia yenyewe tangu mwanzo. Pili, shahada hii pekee haimfanyi mtu mwalimu. Ili asajiliwe na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC), ni lazima awe amepata mafunzo ya ualimu. Anayelenga darasa achague shahada ya ualimu yenye somo la elimu ya viungo.

Milango iliyo wazi si haba. Wahitimu huweza kufanya kazi katika vituo vya mazoezi, timu na mashirikisho ya michezo, vikosi vya usalama, miradi ya afya ya jamii na taasisi za utafiti. Hata hivyo, nafasi nyingi za aina hiyo ziko mijini, na wengi hulazimika kuanza kwa kujitafutia wateja.

Mashinani nako haja ipo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa takriban mmoja kati ya Wakenya wanne wenye umri wa miaka 18 hadi 69 alikuwa na shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kila mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki. Mkulima anayepalilia huenda akazitimiza bila kujua. Mwenye duka anayeketi kutwa na kusafiri kwa bodaboda ndiye anayehitaji mtu wa kumweleza aanze vipi, kwa kiasi gani, na lini amwone daktari kwanza.

Kwa hivyo, familia inayojadili kozi hii yafaa ijibu maswali matatu kabla ya kujaza fomu: Je, mtoto anapenda Biolojia kama anavyopenda uwanja? Je, kazi anayoitaka inahitaji leseni ambayo shahada hii haitoi? Na je, masharti ya chuo anachokitaka yamesomwa na kueleweka? Akiyajibu sawasawa, mwanafunzi ataingia chuoni akijua anachokwenda kutafuta.