Fizi Zikivuja Damu: Vya Kuongezea Baada ya Kusafishwa Meno, na Vya Kukuharibia Doo

Unapiga mswaki asubuhi, unatema, na sinki inageuka pinki. Unajiambia mswaki ni mgumu, unatoka kwenda job. Manze, mara nyingi si mswaki. Fizi zenye afya hazivuji damu ovyo, na ukiacha kuzipiga mswaki ju ya hiyo damu, unazidisha noma.

Iko hivi. Kila siku utando laini wa bakteria hujipaka kwenye meno. Usipoutoa, madini yaliyo kwenye mate huugandisha ndani ya siku chache tu unakuwa ugaga, kitu kigumu kama simiti. Fizi zinavimba, zinavuja. Hapo bado uko salama, zinaweza kupona kabisa. Ukizembea, fizi zinaachana na jino, mfuko unajifungua hapo katikati, na mfupa unaoshika jino unaanza kuliwa polepole. Mfupa ukienda haujirudishi. Na kawaida hakuna uchungu, ndiyo maana wasee wengi hushtuka siku jino linaanza kucheza.

Ugaga hautoki kwa mswaki, hautoki kwa dawa ya kusukutua. Unakwanguliwa na daktari wa meno, juu ya fizi na chini yake, na kama mifuko ni mirefu anakudunga ganzi kwanza. Mtaani kuna stori kwamba kusafishwa kunalegeza meno. Ukweli ni kwamba ugaga mwingi huwa umejaza mapengo na kushikanisha meno ambayo tayari yamepoteza mfupa. Ukitolewa, ndio unaona hali ilivyokuwa kitambo. Fizi zilizovimba nazo zinanywea, jino linaonekana refu, na maji baridi yanaweza kukuchoma kwa wiki kadhaa. Usitoroke ju ya hiyo.

Sasa, vya kuongezea. Maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi ya maji ya vuguvugu, hutuliza fizi zikiwa bado zinauma baada ya kusafishwa. Ni bei ya bure, tumia. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini ina nguvu zaidi, lakini ni ya muda mfupi, kama wiki mbili vile, ju ikizidi inapaka meno rangi ya kahawia na kuharibu ladha ya chakula. Pia usiitumie papo hapo baada ya dawa ya meno yenye povu, hiyo povu huipunguza nguvu. Subiri kama nusu saa.

Mswaki wa mti, ule wa Salvadora persica unaomea Turkana na sehemu zingine kavu, si ushamba. Shirika la Afya Duniani liliuunga mkono mwaka 1986. Tafuna ncha mpaka iwe nyuzi, sugua polepole, usichimbe fizi. Shida yake ni kwamba haufiki vizuri katikati ya meno, na huko ndiko ugonjwa wa fizi hupenda kujificha. Huko kunataka uzi au vile vibrashi vidogo. Kusukutua na mafuta ya nazi kunaweza kupunguza utando kiasi, lakini tafiti zake ni ndogo, na mafuta hayashuki ndani ya mfuko. Karafuu inaua uchungu tu. Ugonjwa unaendelea kimyakimya. Limau na mkaa wachana nazo, moja ina asidi, ingine inakwaruza, zote zinamaliza ngozi ngumu ya jino.

Wale wa kuingia kemisti na kuitisha amoksilini na metronidazo, tulieni. Bakteria wa fizi wanaishi ndani ya ule utando, na dawa haiwafikii vizuri kabla utando kuvunjwa. Daktari anaweza kukuandikia ugonjwa ukiwa mkali sana, lakini ni pamoja na kusafishwa, si badala yake. Leza nayo inasikika ya kishua, ila mwongozo wa madaktari wa fizi wa Ulaya uliotoka 2020 unashauri isiongezwe kwa usafishaji wa kawaida, ju faida haijathibitika vya kutosha. Probiotiki pia walizikataa.

Kitu kimoja kinashinda hizi zote kama unavuta: acha sigara. Nikotini hubana mishipa ya damu, kwa hivyo fizi za mvutaji zinaweza kuwa zimeoza na bado hazivuji. Anaona ako fiti. Shisha pia ni tumbaku, usijidanganye na ladha ya matunda. Na kama uko na kisukari, mwambie daktari wa meno mapema. Sukari ikipanda fizi huzidiwa, na fizi zikitibiwa sukari nayo huwa rahisi kushikilia.

Ukishasafishwa mifuko ya ndani, rudi baada ya miezi mitatu hivi ipimwe tena. Lakini ukiona uvimbe unaopanda shavuni, homa, au unashindwa kumeza, hiyo si ya kungoja apointimenti. Enda hospitali siku hiyo hiyo.