Safari fupi zinavyochafua oili ya injini

WAPO wenye magari katika miji ya Shinyanga, Kahama na Geita wanaoamini kuwa gari linalotoka nyumbani hadi kazini na kurudi, pasipo kuvuka mipaka ya mji, halichoki. Kwa upande wa oili ya injini, ukweli ni kinyume chake.

Petroli inapoungua huzaa maji. Lita 1 ya petroli hutoa takriban lita 1 ya maji, ambayo karibu yote hutoka kama mvuke kupitia bomba la moshi. Hata hivyo, sehemu ndogo hupenya kandokando ya ringi za pistoni na kuingia kwenye sampu inamokaa oili. Injini ikiwa bado ya baridi, mvuke huo hugeuka matone. Hali kadhalika, petroli isiyoungua huteremka na kuifanya oili iwe nyepesi.

Ili unyevu huo utoke, oili haina budi kukaribia nyuzi joto 100 na kudumu hapo kwa muda. Hapa ndipo madereva wengi hudanganyika: mshale wa joto kwenye dashibodi hupima maji ya rejeta, siyo oili, na oili huchelewa kupata moto. Dakika 5 au 10 hazitoshi. Wala jua la Shinyanga si kinga, maana nyuzi 30 za hewani zingali mbali mno na 100.

Unyevu ukilimbikizana huzaa asidi inayokula beringi, na tope linaloziba njia za oili. Dalili yake ya awali ni utando mfano wa krimu chini ya kifuniko cha kumiminia oili. Wengi wakiuona hudhani gasketi ya silinda hedi imeungua, na kufungua injini bila sababu ni gharama kubwa. Kwanza hutazamwa maji ya rejeta, injini ikiwa imepoa. Yakipungua bila kuvuja nje, au oili kwenye kijiti cha kupimia ikawa na rangi ya chai ya maziwa, gasketi ina mashaka. Utando ukiwa kwenye kifuniko pekee, aghalabu ni unyevu.

Safari ya nusu saa au zaidi kwenye barabara kuu, mathalani kutoka Geita kwenda Mwanza kupitia daraja la Kigongo-Busisi lililofunguliwa Juni 2025, huikausha oili. Kuliacha gari likiunguruma uani hakusaidii sana.

Watengenezaji wengi huzihesabu safari fupi za mfululizo kuwa matumizi magumu, sawa na kuendesha kwenye vumbi, ambalo barabara za machimboni hazilikosi. Kwa sababu hiyo, oili hubadilishwa kwa kufuata miezi iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, hata kama kilomita hazijatimia.