Nani Anayeshika Ufunguo wa Silaha?

Ukichomwa na mwiba leo, baada ya siku mbili tatu huenda mahali pale pakavimba na kutunga usaha. Usaha ule si uchafu tu. Ni mizoga ya askari. Chembe nyeupe za damu zimekimbilia pale, zimemeza vijidudu, na nyingi zimekufa. Wataalamu walihangaika karibu miaka sitini wakijiuliza: zinapigana kwa silaha gani, na nani anayetoa amri ya kufyatua?

Mwaka 1933 Baldridge na Gerard, huko Marekani, waliona kwamba chembe hizo zinapomeza kitu huvuta oksijeni nyingi kuliko kawaida. Ikadhaniwa zinahema kwa uzito wa kazi, kama hamali wa bandarini. Haikuwa hivyo, na fununu ya kweli ilitoka vitandani mwa watoto.

Mwaka 1957 madaktari wa Minnesota, Berendes, Bridges na Good, waliandika habari za wavulana walioandamwa na majipu, tezi zimevimba, mapafu yameshambuliwa, hata wakafa. Lakini kinga zao zilizoweza kupimwa wakati ule zilionekana nzima. Askari walikuwapo, tena wengi. Miaka kumi baadaye, 1967, ndipo ilipoonekana ajabu yenyewe: chembe za watoto hao zilimeza bakteria vizuri kabisa, kisha zikakaa nao tumboni bila kuwaua. Na ile pumzi ya ziada haikuwapo.

Kumbe oksijeni ile ilikuwa baruti! Mwaka 1973 Babior na wenzake walionyesha kwamba chembe nyeupe huigeuza kuwa superoksidi, yaani oksijeni iliyoongezewa elektroni moja. Hiyo nayo huzaa sumu nyingine, mojawapo ikiwa jamaa ya dawa tunayong'arishia mashati meupe. Kimeng'enya cha kuitengeneza ndicho kilichokuwa na kasoro kwa wavulana wale.

Sasa, silaha kama hiyo ikifyatuka ovyo huunguza nyama ya mwenyewe. Ndiyo maana mwili huiweka vipande vipande: viwili vimo katika utando wa chembe, vingine vinaelea ndani, mbali navyo. Nani huvikutanisha? Mwaka 1991 kikundi cha London kikishirikiana na Tel Aviv, na kingine cha California, vilipata jibu karibu wakati mmoja. Ni protini ndogo iitwayo Rac.

Kwa kawaida Rac imelala, imeshikiliwa na protini nyingine. Habari za adui zikifika, huachia kijenzi kiitwacho GDP, hushika GTP, huenda kwenye utando na kusaidia kuunganisha vipande. Wakati huo huo protini nyingine, p47, hubandikwa fosfeti ikafunguka. Amri mbili, si moja; nionavyo mimi, kuna maghala ya silaha ya binadamu yasiyolindwa vizuri hivyo. GTP ikikatwa, Rac hulala tena.

Mwaka 2000 madaktari wa Marekani walieleza habari za mtoto mchanga wa kiume ambaye kimeng'enya chake kilikuwa kizima. Kasoro ilikuwa katika Rac. Vidonda vyake havikupona, na jambo moja liliwashangaza: havikutoa usaha. Chembe zake hazikuweza hata kufika vitani, maana Rac hiyo hiyo ndiyo inayoziwezesha kutembea. Aliokolewa kwa kupandikizwa uboho wa mtu mwingine.