Kuondolewa kwa fani za wahusika

Kuondolewa kwa fani za wahusika ni mtindo wa kutunga michezo ya video ya kuigiza uhusika, hasa ya ulimwengu wa njozi, ambapo mchezaji halazimiki kuchagua mwanzoni awe mpiganaji, mchawi au mwizi. Fani zenyewe zilitokana na Dungeons & Dragons (1974), mchezo wa mezani wa Gary Gygax na Dave Arneson ulioanza na fani 3. Mwaka 1978 RuneQuest, nao wa mezani, uliziacha na kukuza kila stadi kwa kuitumia.

Mfano mashuhuri kwenye michezo ya video ni mfululizo wa The Elder Scrolls. Oblivion (2006) ulikuwa na fani 21 zilizopangwa tayari, kila moja ikiwa na stadi kuu 7, na ni hizo tu zilizompandisha mhusika daraja. Skyrim (2011) ulifuta fani ukabakiza stadi 18, zote zikihesabiwa. Anayefua majambia ya chuma hukuza uhunzi, na kila anapopanda daraja hupata pointi moja ya kununulia uwezo mpya. Uhuru huo una gharama: maadui wengi huongezeka nguvu kulingana na daraja la mchezaji, hivyo aliyekaa akifua tu bila kujifunza kupigana huweza kuzidiwa vibaya. Hata hivyo, mpango huu ni wa haki zaidi kwa mchezaji mgeni, asiyejua bado apendacho.

Toleo jipya la Oblivion la mwaka 2025 limebakiza fani.