Mshairi wa Lindi na Sauti ya Uwanda wa Makonde

Wapenzi wa tungo za mwambao wamjua Abdul Karim bin Jamaliddini kwa kazi yake moja: Utenzi wa Vita vya Maji Maji. Alikuwa mtu wa Lindi, Mwislamu mwenye elimu, na vita vya 1905 hadi 1907 vilipiganwa katika zama zake, jirani na mji wake. Utungo huo ulichapishwa Ujerumani mwaka 1933, kisha mwaka 1957 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikautoa pamoja na tafsiri ya Whiteley na utangulizi wa kihistoria wa Margaret Bates. Kwa hiyo vizazi vya wasomaji vimevijua vita hivyo kwa jicho la Lindi.

Jicho hilo tuliheshimu, bali tusilifanye la pekee. Mshairi wa mwambao alikuwa na kalamu, karatasi na bahari ya utenzi iliyokwisha kukomaa. Mtu wa bara aliingia katika beti akiwa mwenye kusimuliwa, si msimulizi. Ndipo yatupasa kupanda kutoka Lindi hadi Masasi, chini ya majabali yake, kisha Newala, ambako ukisimama penye Shimo la Mungu waona bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake.

Huko Kiswahili hakikuwa kigeni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, aliyeandika sarufi na hadithi za lugha yetu, alitoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, akawapeleka Masasi kuanzisha kijiji. Walikwenda na Kiswahili cha kisiwani. Wangoni walipokivamia kijiji hicho mwaka 1882, misheni ilihamia Newala kwa Matola, mkuu wa Wayao.

Tena uwanda huo ulikwisha kusema kwa Kiswahili kabla ya utenzi wa Jamaliddini. Mwaka 1890 Machemba, mtawala wa Kiyao wa uwanda wa Makonde, alimjibu kwa barua Wissmann, mkuu wa Wadachi, aliyemtaka atii. Alisema kwamba kama ni urafiki yu tayari, leo na daima. Ama kuwa raia wake, hawezi, kwani wote wawili ni viumbe wa Mungu, na yeye ni sultani katika nchi yake. Iwe aliiandika kwa mkono wake au wa karani, hiyo ni nathari yenye fahari ya ushairi. Alishikilia msimamo huo hadi 1899, aliposhindwa nguvu, akavuka Ruvuma.

Basi Maji Maji ilipofika Masasi mwishoni mwa Agosti 1905, na misheni ikateketezwa, watu wa huko hawakuwa na neno moja. Wako waliokunywa maji. Nakaam Barnaba, mkuu wa Wayao na Mkristo, alisimama upande wa misheni. Palikuwa na hesabu za koo, dini, uhasama wa kale na hofu ya bunduki ambayo Machemba alikwisha kuionja. Hesabu kama hizo hazienei katika ubeti unaomtazama mwasi kama mtu aliyedanganywa tu.

Nasi tusisahau gharama. Wadachi walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000, wengi kwa njaa. Wafu wengi hivyo hawastahili kuachiwa shahidi mmoja, hata awe bingwa wa vina.

Simvui Jamaliddini kilemba chake. Bila yeye tungepoteza sauti ya mtu aliyeishi karibu na moto ule. Lakini mwalimu asomeshapo utenzi wake, na aiweke kando yake barua ya Machemba. Wanafunzi watajua kwamba Kiswahili kile kile kilichowasimulia watu wa bara kilikuwa pia kinywani mwao, nao walikitumia kukataa.