Matunzo na Ubadilishaji wa Minyororo ya Mpira katika Mitambo Midogo ya Ujenzi

Mitambo midogo ya kuchimba na kusomba udongo inayotembea kwa minyororo ya mpira hutumika katika uchimbaji wa mitaro ya maji, misingi ya majengo na njia za nyaya, hususan mahali ambapo mtambo mkubwa hauwezi kupita. Mpira huepusha uharibifu wa lami na sakafu, lakini huchakaa upesi kuliko chuma. Makadirio ya kawaida ya uhai wake ni saa 1,200 hadi 1,600 za kazi, na kufikiwa kwa muda huo hutegemea kwa kiasi kikubwa matunzo ya kila siku.

Ndani ya mpira mna nyuzi za chuma zinazobeba mzigo, pamoja na vipande vya chuma vinavyoshikwa na meno ya gurudumu la kuendeshea. Mpira ukichanika, maji hupenya na kutu hula nyuzi hizo kutoka ndani. Hali hiyo huenda kwa kasi zaidi katika maeneo ya pwani yenye maji na mchanga wa chumvi.

Ukazaji

Mnyororo uliolegea huchomoka mtambo unapogeuka. Uliokazwa kupita kiasi huchosha nyuzi, rola na beringi. Ili kupima, mtambo huinuliwa upande mmoja na kuwekewa egemeo imara, kisha hupimwa nafasi kati ya rola ya katikati na uso wa ndani wa mnyororo. Katika mitambo mingi midogo nafasi hiyo ni milimita 10 hadi 20, ingawa kipimo cha kufuatwa ni kile kilichomo katika kitabu cha mtambo husika.

Usafi na uendeshaji

Kila jioni, matope, kokoto na vipande vya nondo viondolewe kabla havijakauka. Dizeli na oili zifutwe mara moja kwa kuwa hulainisha mpira. Mwendeshaji aepuke kugeuza mtambo papo hapo juu ya zege au mawe makali, na asiendeshe upande mmoja ukiwa juu ya kingo. Mtambo usiotumika uegeshwe kivulini, kwani jua huupasua mpira.

Dalili za kubadilisha

Mnyororo ubadilishwe iwapo nyuzi za chuma zinaonekana, vipande vya ndani vimeng'oka, kashata za nje zimelika hadi karibu na usawa wa mpira, au mnyororo unachomoka ingawa umekazwa ipasavyo. Meno ya gurudumu la kuendeshea yakaguliwe wakati huohuo, kwa sababu meno yaliyochongoka huharibu mnyororo mpya. Aidha, inashauriwa kubadilisha minyororo yote miwili kwa pamoja ili mtambo usivute upande mmoja.

Ununuzi

Vipimo vitatu vinahitajika: upana, umbali kutoka katikati ya kipande kimoja cha chuma hadi katikati ya kinachofuata, na idadi ya vipande. Kwa mfano, 300 x 52.5 x 80 humaanisha upana wa milimita 300, umbali wa milimita 52.5 na vipande 80, yaani mzunguko wa mita 4.2. Namba hizo kwa kawaida huchapwa kwenye mpira wenyewe. Taasisi inayoagiza bila kuzibainisha hujiweka katika hatari ya kupokea mnyororo usioingia.

Usalama wakati wa kufungua

Mnyororo hukazwa kwa grisi iliyo katika shinikizo kubwa. Vali yake ilegezwe polepole, kwa kiwango kinachoruhusiwa na kitabu, na fundi asikae mbele yake. Grisi inayoruka huweza kupenya ngozi. Aliyepigwa apelekwe hospitali mara moja hata kama jeraha linaonekana dogo. Fundi asiingie chini ya mtambo ulioinuliwa kwa mkono wake wa kuchimbia pekee.

Mnyororo mpya huanza kuvishwa kwenye gurudumu la kuendeshea, kisha gurudumu la mbele. Baada ya kukazwa, mtambo huendeshwa mbele na nyuma, na kipimo hurudiwa baada ya saa chache za kazi.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwalinda wafanyakazi dhidi ya hatari za kazini. Wamiliki wa mitambo, wakiwemo wakandarasi wadogo na vikundi, wanakumbushwa kutowaachia kazi hii watu wasio na mafunzo.